Wametia petroli kwenye gari langu la dizeli. Injini imekufa?

Swali kutoka kwa msomaji wa Tabata, Dar es Salaam:

"Fundi, shikamoo. Nina Mazda CX-5 ya 2013, ya dizeli. Jana jioni nilipita sheli moja maeneo ya Mwenge nikamwambia kijana anitilie lita 25. Nilikuwa na robo tenki. Nilikuwa naongea na simu, sikuangalia anachofanya. Nikashika Sam Nujoma vizuri tu, lakini kabla sijafika Ubungo gari likaanza kugonga, likakosa nguvu, likatoa moshi mweupe, likazima. Nilijaribu kuwasha mara kadhaa, wapi. Kutazama risiti, imeandikwa petroli. Gari limevutwa mpaka nyumbani. Fundi wa jirani anasema nijaze dizeli mpaka juu, niweke na oili kidogo ile ya mashine za boti, itachanganyika na gari litawaka. Shemeji anasema injini imeshakufa, niuze lilivyo. Nimsikilize nani? Na gharama hii ni ya nani?"

Marhaba dada yangu, na pole sana. Usimsikilize hata mmoja kati yao. Injini yako ina nafasi nzuri ya kuwa salama, na kwa sababu hiyo hiyo ushauri wa fundi wa jirani ni hatari kuliko wa shemeji. Shemeji akikosea utauza gari kwa hasara. Fundi akikosea ataharibu kitu ambacho mpaka sasa huenda hakijaharibika.

La kwanza, kabla hujamaliza kusoma: gari lisiwashwe tena, hata kwa kujaribu. Gari lako ni la kubonyeza batani, basi ufunguo uweke ndani mbali na gari, na mtu achomoe waya hasi wa betri. Watoto na mafundi wa kupita huwa na hamu ya "hebu tusikie linavyolia". Wakatalie. Kwenye magari mengi ya kisasa hata kubonyeza batani bila kuwasha injini kunaamsha pampu ya umeme iliyo ndani ya tenki, nayo inasukuma mafuta mbele. Kila stata moja inapeleka petroli nyingine mahali ambapo haitakiwi kabisa.

Injini ya dizeli haina plagi ya kurusha cheche. Inabana hewa mpaka hewa inapata moto mkali, kisha nozeli inapulizia dizeli na dizeli inajiwakia yenyewe. Petroli imetengenezwa kwa tabia ya kinyume: istahimili kubanwa bila kuwaka, ingoje cheche. Ikiingia kwenye silinda ya dizeli inachelewa, halafu inalipuka yote kwa mkupuo, na kule kugonga ulikosikia ndiko huko. Moshi mweupe ni mafuta yaliyopita bila kuungua. Mwanzo gari lilikwenda vizuri kwa sababu kwenye mipira na kwenye filta kulikuwa na dizeli iliyobaki. Ilipokwisha, mchanganyiko ukafika. Na CX-5 hii inabana kwa uwiano wa 14 kwa 1, mdogo kwa injini ya dizeli, kwa hiyo haikuwa na ubavu wa kulazimisha petroli iwake. Ilizima, na kwa maoni yangu kule kuzima kumekuokoa fedha.

Ila kugonga kwa dakika chache siyo kunakonitia hofu. Hofu yangu iko kwenye pampu ya presha. Injini kama yako inasukuma mafuta kwenye reli moja inayolisha nozeli zote nne, kwa presha inayoweza kufika bar 2,000. Tairi lako lina bar mbili na kidogo, upate picha ya tunachozungumzia. Ili presha hiyo isivuje, vyuma vya ndani ya pampu vimechongwa vikabanana kwa nafasi ya maikroni chache, nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Vyuma hivyo havina oili yake. Vinalainishwa na dizeli yenyewe inapopita. Dizeli ina utelezi; petroli haina, tena ni kiyeyusho, inaosha hata ule utando mdogo uliokuwepo. Chuma kinaanza kusugua chuma. Kikisugua kinatoa unga wa kung'aa, unga unaingia kwenye reli, kutoka reli unaingia kwenye nozeli, na ule unaorudi kwa bomba la marejesho unamwagika kwenye tenki na kuanza mzunguko upya. Gari linaweza kupona petroli lakini likauawa na unga huo miezi miwili baadaye, wakati kila mtu ameshasahau Mwenge.

Ndiyo maana swali la "injini imekufa?" halijibiwi kwa kubahatisha. Linajibiwa kwa kufungua filta, na nitakueleza jinsi ya kuifungua.

Kwanza nimalizane na ushauri wa kujaza dizeli juu. Fundi wako hajautunga. Magari ya dizeli ya zamani, kama Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ au Hiace za kale, yana pampu ya kizamani inayofanya kazi kwa presha ndogo sana ukilinganisha na ya kwako, na yana uvumilivu. Watu waliokosea kwa lita tatu nne kwenye tenki kubwa wakaongeza dizeli na kuendelea na safari wapo, na gari linatembea mpaka leo. Huko Ulaya baadhi ya vitabu vya magari ya dizeli ya miaka hiyo viliruhusu hata kuongeza petroli kidogo wakati wa baridi kali, dizeli isigande. Elimu hiyo imetembea kutoka fundi hadi fundi. Lakini kwako lita 25 za petroli zimeingia juu ya robo tenki, maana yake zaidi ya nusu ya kilichomo ni petroli. Hakuna kiasi cha dizeli kitakachoingia kwenye nafasi iliyobaki kikafanya mchanganyiko huo ufae kwa pampu ya bar 2,000. Na oili ya boti haitarudisha utelezi unaohitajika. Itaongeza masizi tu kwenye mtungi wa kuchuja moshi ulio kwenye egzosi yako.

Kuna na wanaosema gari lilale siku mbili, petroli itapanda juu kwa kuwa ni nyepesi, kisha uichote. Ni kweli petroli ni nyepesi, lakini mafuta haya mawili yanachanganyika kabisa. Hayatengani kama maji na mafuta. Litalala mwezi mzima na mchanganyiko utabaki ule ule.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta fundi anayejua dizeli za reli, na ana mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mafundi wa pampu na nozeli wapo Gerezani na kwingineko mjini. Usitafute wa bei ndogo, tafuta atakayekubali usimame pale ukitazama. Gari lipelekwe kwa brekdauni au fundi aje, lisiende kwa injini yake.

Kabla hajagusa tenki, angalieni mahali mlipo. Dizeli peke yake ni ngumu kuwaka. Inahitaji kupata joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo itoe mvuke wa kutosha kushika moto. Petroli inatoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mchanganyiko wenu utashika moto kama petroli. Gereji nyingi za Dar ziko bega kwa bega na jiko la mama lishe upande mmoja na mtu wa kuchomelea upande wa pili, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka unakuta moto. Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya watu 100. Hao walikuwa barabarani, mahali pa wazi. Kwa hiyo: uwanja wa wazi, betri imechomolewa, hakuna sigara, hakuna simu inayochajiwa pembeni, kizima moto cha unga kiwe mkononi mwa mtu.

Na fundi asinyonye kwa mdomo. Najua ndivyo inavyofanyika, nimeona vijana wengi wakikohoa baada ya kunyonya mpira. Tone likienda njia ya hewa linaunguza mapafu. Ikitokea mtu amemeza, asitapishwe, maana akitapika ndipo yanapoingia kwenye mapafu, apelekwe hospitali. Pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta siyo ghali, na inamalizana na hatari hiyo yote.

Yatolewe yote, si kupunguzwa. Madumu yawe safi, kwa sababu utahitaji sampuli. Kisha filta itolewe, na hapa usimruhusu fundi aitupe. Mafuta yaliyomo kwenye filta yamwagwe kwenye chombo cheupe, bakuli la plastiki linatosha. Ipelekeni juani. Fundi aikate filta, aukunjue ule mkunjo wa karatasi uliomo ndani, mkautazame mkiugeuza geuza kwenye mwanga. Filta ya kawaida iliyochakaa ina weusi na vumbi, rangi imekufa. Filta ya gari ambalo pampu yake imesugua ina vipunje vinavyometameta kama rangi ya fedha, na ukivisugua kati ya vidole unavisikia. Kwenye pampu nyingi za aina hii kuna pia vali ndogo ya kupima mafuta yanayoingia, imeshikiliwa kwa bolti mbili. Ikifunguliwa, mlango wake unaonyesha wazi kama kuna mng'aro. Nakusihi hatua hii isirukwe. Nusu saa ya kutazama itakwambia kama unalipia usafi au unalipia pampu.

Mkikuta hakuna mng'aro, na kwa umbali mfupi uliokwenda hilo linawezekana sana, basi kazi ni hii: tenki lisuuzwe kwa dizeli kidogo na kumwagwa, bomba la kupeleka na la kurudisha yapulizwe, filta mpya ifungwe, iingie dizeli safi ya sheli nyingine, hewa itolewe kwenye mfumo kabla ya kupiga stata ili pampu isizunguke kavu. Likiwaka litatetemeka na kutoa moshi kidogo, litulie lenyewe. Fundi asome presha ya reli kwenye kompyuta na jinsi kila nozeli inavyojirekebisha. Namba zikiwa sawa, umepona.

Oili ya injini ibadilishwe vilevile, hata kama ulimwaga wiki iliyopita. Mafuta yasiyoungua hupenya pembeni ya pistoni na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na oili iliyochanganyika na petroli haifai kulainisha kitu. Chomoa dipu stiki, kile kijiti cha kupimia oili, uinuse. Kwenye injini hii ya Mazda dipu stiki ina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika hapo ni ishara kwamba imeingiliwa na mafuta.

Mkikuta mng'aro, habari inabadilika na sitakuficha. Hapo usikubali kubadilisha pampu peke yake. Ni kosa linalofanyika sana kwa sababu pampu peke yake inaonekana nafuu. Unga umeshaingia kwenye nozeli, reli na tenki; pampu mpya itakula unga wa pampu ya zamani. Kinachotakiwa ni pampu, nozeli zote nne zipimwe kwenye mashine na zilizoharibika zibadilishwe, reli na mabomba ya presha yabadilishwe au yasafishwe na mtu mwenye vifaa, na tenki lishushwe lioshwe. Nozeli nyingine zikiwekwa, kila moja ina namba yake ya marekebisho iliyochapwa juu, na namba hiyo lazima iingizwe kwenye kompyuta ya gari. Fundi akikwambia "tunafunga tu", huyo hajui nozeli hizi. Spea za mtumba zipo Kariakoo, lakini nozeli ya mtumba bila kupimwa ni bahati nasibu, na mimi singeinunua. Gharama ya njia hii inaingia kwenye mamilioni, na hapa ndipo swali lako la pili linakuwa zito.

Hali yako ina ushahidi mzuri kuliko wengi. Risiti inasema petroli. Hiyo inaonyesha kwamba bomba lilitoa kilichoandikwa, na tatizo ni mhudumu kutia aina isiyo sahihi. Ingekuwa risiti inasema dizeli na kwenye tenki kuna petroli, tungekuwa tunazungumzia mafuta yaliyochanganyika ndani ya matenki ya kituo au yaliyochakachuliwa, na magari mengine yangekuwa yamekwama jioni ile ile. Kuchakachua kuna utaratibu wake; vinasaba, yaani kemikali ya alama iliyoanza kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010, ni kwa ajili ya kubaini hilo. La kwako ni la kosa la huduma.

Litakalobishaniwa ni moja: je, ulisema dizeli? Umeandika kwamba ulisema "lita 25", hukuandika kama ulitaja aina. Kama hukutaja, kituo kitalishikilia hilo, na uwe tayari kugawana gharama. Lakini mhudumu naye ana wajibu wa kuuliza na kusoma kilichoandikwa kwenye mfuniko wa tenki. Fanya hivi: piga picha risiti leo, maana karatasi ile inafifia. Chukua sampuli mbili za mafuta yaliyotoka kwenye tenki, kwenye chupa za kioo zenye mfuniko mzuri, andika tarehe, moja umpe meneja wa kituo mbele ya shahidi. Ukitaka kumwonyesha pale pale, dondosha tone la dizeli safi na tone la sampuli kwenye karatasi nyeupe. Dizeli inaacha doa la mafuta linalokaa, petroli inakauka haraka, na mchanganyiko wako utaacha doa dogo zaidi. Siyo kipimo cha maabara, ila kinamaliza ubishi mwingi. Waombe waihifadhi picha ya kamera yao kabla haijafutika. Barua ya malalamiko iandikwe, ipokelewe kwa muhuri, ikiwa na makadirio ya fundi. Wakikukwepa, EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji, ndiyo inayotoa leseni kwa vituo vya mafuta na inapokea malalamiko ya wateja. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, linaloweza kukuelekeza bure. Bima yako isome kwa makini kabla ya kuitegemea, hata kama ni kubwa.

Jambo moja nakuomba kama ndugu. Meneja akikwambia "tutamkata kijana mshahara", usikubali liishie hapo. Kijana wa pampu hana uwezo wa kulipa pampu ya reli, na mwajiri ndiye anayebeba kosa la mfanyakazi wake lililotokea kazini. Dai liende kwa kampuni.

Kuhusu kuzuia, sina mengi. Gari lako linafanana na CX-5 ya petroli kwa kila kitu mhudumu anachokiona, na yaliyoingia kutoka Japani mara nyingi yana maandishi ya Kijapani kwenye mfuniko wa tenki. Huko Japani bomba la dizeli ni la kijani na la petroli ya kawaida ni jekundu. Hapa rangi hizo usizitegemee. Na bomba la petroli ni jembamba, kama milimita 21, la dizeli ni kama 25, kwa hiyo la petroli linaingia kwenye tenki la dizeli bila kizuizi chochote. Chapisha stika kubwa yenye neno DIZELI, ibandike ndani ya mfuniko, shuka kwenye gari, utaje aina kabla ya kiasi, na usubiri usomewe. Wanaoendesha petroli wakatiwa dizeli wana nafuu zaidi: gari litatoa moshi na kuzima, lakini kusafisha tenki, mabomba na plagi kwa kawaida kunatosha.

Bado kuna madumu ya mchanganyiko yatakayobaki baada ya kazi. Vijana wa gereji watayaomba. Usiwape bila kujua yanakwenda wapi, na kwa hali yoyote yasiuzwe wala yasigawiwe kama mafuta ya taa. Jiko la utambi au kibatari kikitiwa mchanganyiko wenye petroli kinalipuka usoni mwa anayekiwasha, na mara nyingi aliye karibu ni mtoto. Andika kwenye dumu kwa maandishi makubwa, lifungwe, lipelekwe kwa wakusanyaji wa oili chafu wanaozunguka kwenye magereji makubwa.

Gari likishatembea kama kilomita 1,000, badilisha filta ya dizeli tena, mapema kuliko kawaida, na hiyo nayo ikatwe itazamwe juani. Ikiwa safi, rudi kwenye ratiba yako ya kawaida ya huduma. Ikimetameta, simamisha gari siku hiyo hiyo na umwite fundi wa pampu.